Leseni ya Kukata Silabi

Kadi ya harusi ilirudi kutoka stesheneri na "Bagam-" mwishoni mwa mstari, "oyo" peke yake chini, kama abiria aliyeachwa na daladala ya Makumbusho. Shangazi akauliza huyo Oyo ni wa upande wa bwana harusi?

Msiilaumu kompyuta. Imekata kwa kanuni za Kiingereza, ambazo inazo. Za Kiswahili niliwahi kuletewa orodha, masharti yake marefu kuliko orodha yenyewe: kutazama ruksa, kunakili, kurekebisha, kumpa jirani, marufuku. Hiyo ndiyo adabu! Bila mwenye hakimiliki, nani angejua kwamba Ba-ga-mo-yo ina silabi nne?

Kuna waliokosa malezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi, Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili: chukua, nakili, badili, gawa. Bure! Utadhani lugha ni ya wanaoizungumza.

Kwenye mnada wa samaki ufukweni nako mambo ni yale yale. Mkaanga samaki anamkata changu vipande vinne bila kuomba idhini ya bahari. Ila wanaonitia hofu hasa ni darasa la kwanza: kila asubuhi ba, be, bi, bo, bu, madirisha wazi, na hakuna hata mmoja aliyetia sahihi masharti.

Mimi nimejirekebisha. Kadi za arobaini ya mtoto nimeandika maneno mafupi mafupi, na jina la mji nimeliacha. Wageni wataulizia njiani.