Fundi wa Kasi Anatafutwa

Mwaka 1997, Andy Green aliendesha gari la Thrust SSC kwa kilometa 1,228 kwa saa katika jangwa la Black Rock, Marekani: injini mbili za ndege ya kivita, ardhi tambarare, wala hakuna nyani njiani. Kazi nyepesi. Mleteni Mikumi tumwone. Barabara inakatiza hifadhini kilometa 50, mwendo mwisho 70 mchana na 50 usiku, matuta ndiyo trafiki, na faini ya kugonga twiga inasomwa kwa dola.

Mafundi tunao. Nenda Kilosa, mwambie fundi wa kuchomelea unataka gari la mbio. Atavua miwani ya jua (ndiyo anayochomelea), atagonga chesisi kwa nyundo, kisha aulize: “Bosi, litabeba gunia ngapi?” Utakabidhiwa gari lenye springi zilizoongezwa majani, keria juu, bampa ya bomba mbele na ndoano ya tela nyuma. Ukilalamika limekuwa zito: “Ndiyo litulie barabarani, mzee.”

Na kiufundi hajakosea sana. Thrust SSC yenyewe ilizidi tani 10. Ila hiyo haikupakiwa mkaa.