Fedheha ya Pantoni

Fedheha iliyonipata juzi katika pantoni la Kigamboni ingali ikinichoma, kwa maana haikunipata faraghani bali hadharani, wakati chombo kilipokwisha kugusa gati, mlango wake wa chuma umeteremshwa, na gari langu, ambalo kwa nakama ndilo lililotangulia safu, likatetema, likakohoa, likazimika. Nilipopiga stata liliwaka. Nilipoachia mguu lilizima. Nyuma yangu palikuwa na lori la soda, bajaji zisizo idadi na msafara wa harusi wenye tarumbeta, nao wapigaji, walipochoshwa na kungoja, waliuacha wimbo wa bibi harusi wakanipigia mimi, wakiufuatisha kila mlio wa stata yangu kwa ustadi ambao, laiti ungalielekezwa kwa mtu mwingine, ningaliusifu. Vijana walionisukuma walidai ujira kabla hatujafika juu ya mteremko, na mama mmoja mwenye kapu la pweza akanihurumia: “Pole, baba. Gari hili si ungemwachia mwanao?”

Fundi wa kwanza alisema plagi, wa pili koili, wa tatu pampu ya petroli. Zote nikazilipia, na gari likabaki likizimika kila lilipotulia. Ndipo kijana mmoja mkimya akafungua bolti moja tu, akachomoa kipande cha chuma kama urefu wa kidole, kichwani kina waya, ubavuni kina matundu, na matundu yamegandwa na tope jeusi.

Kumbe hapo ndipo penye hikima. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja na kufungua vali za hewa na za moshi; na katika injini za zamani miadi ya vali hizo ilifungwa kiwandani isibadilike milele, ingawa injini iliyotulia hupenda vali ya hewa ichelewe, na yenye kupanda mlima na mzigo huitaka iwahi. Alfa Romeo ya Italia iliuza gari lenye kuibadili miadi hiyo tangu 1980, na Toyota ikaleta mtindo wake wa VVT-i mwaka 1995. Katika injini kama yangu, gurudumu la meno lililo mwishoni mwa kamshafti lina uwazi ndani, na katika uwazi huo mna mapanga yaliyoshikamana na kamshafti yenyewe. Cheni huzungusha ganda la nje, na oili ikisukumwa upande mmoja wa mapanga, kamshafti huitangulia cheni kwa nyuzi kadhaa. Ikisukumwa upande wa pili, hurudi nyuma. Injini ikizimwa, pini ndogo yenye springi hulifunga ganda na mapanga pamoja, ili visigongane asubuhi kabla oili haijapanda. Na mlango wa oili hiyo ni kile kidude cha kidole, ambacho kompyuta ya gari hukiamuru kwa umeme baada ya kuzisoma sensa za shafti zote mbili. Ajabu iliyoje, kwamba oili tuliyoidhania mlainishaji tu ndiyo mkono ushikao saa ya injini!

Kidude changu kilikwama kwa tope, kamshafti ikabaki imewahi hata gari lilipotulia, moshi ukachanganyika na hewa mpya, moto ukakosa nguvu.

Na tope lilitoka wapi? Kitabu cha gari kinataka oili ya 5W-30, nami ndiyo niliyoinunua, katika kopo lenye lakiri, kwa bei kamili. Kijana alitia kidole katika oili iliyosalia koponi, akainusa, akasema ni oili iliyokwisha kumwagwa kutoka magari mengine, ikachujwa na kurudishwa dukani. Hapo kicheko kiliniishia, kwa sababu huo ni wizi, na anayeibiwa ni dereva wa daladala mwenye deni la injini, ambaye atawabadilisha mafundi hadi afilisike asimtambue mwizi wake. Nilipomrudia muuzaji, alinijibu kwa adabu kwamba kopo ni halisi, neno ambalo sikuweza kulikanusha, kwani kopo lilikuwa halisi kweli.

Nilipotoka kwake, kioo cha mlango kiligoma kupanda na mvua inanyesha. Honi ilikwama Alhamisi, mbele ya nyumba yenye msiba.