Usimnunulie Mtoto Bahari

Pale Nyawera, Bukavu, kwa wabadilishaji wa pesa, wiki hii dola ilipumzika. Gumzo lilikuwa la shule. Papa mmoja mwenye duka la mabati na misumari kule Essence alifika na simu mkononi, akatuonyesha picha: majengo meupe, uwanja wa majani mabichi, na nyuma yake Bahari ya Hindi yenyewe. Binti yake amemaliza mwaka wa pili wa humanités, na alama zake ni nzuri. Mpwa wake aliyeko Nairobi amemwandikia kwamba kisiwani Mombasa kuna shule ya kimataifa, na diploma yake inatambulika dunia nzima.

"Nauza kiwanja cha Panzi," akasema papa. "Mutoto aende."

Hapo ndipo watu walianza kusonya.

Aliyetangulia ni mama anayeuza mayunite ya simu chini ya mwavuli, mzaliwa wa Idjwi. "Papa, sisi wa kisiwani tunavusha watoto ziwa zima ili wapate shule hapa Bukavu. Sasa wewe wa Bukavu unamutafutia wako kisiwa?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Kijana mmoja wa kubadilisha pesa akamjibu kwa niaba ya papa. "Mama, neno si kisiwa. Neno ni karatasi. Diploma yetu ya Serikali, ukifika nayo Ulaya, wanaigeuzageuza kama noti ya dola iliyochanika."

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa anang'arishiwa viatu, akainua kichwa. "Na hiyo ya Mombasa inaitwaje? Nani anaitoa? Inasomwa kwa lugha gani?"

Papa akanyamaza. Hakuwa na jibu hata moja. Na mimi hapo nikasonya, kwa sababu kiwanja cha Panzi si mchezo. Kimetoka kwenye jasho la miaka, na mtu hapaswi kukiachia kwa kitu ambacho hata jina lake halijui.

Basi tuanze na jina. Diploma inayozungumziwa ni ya International Baccalaureate, shirika lililoanzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Haitolewi na shule wala na serikali ya nchi, inatolewa na shirika lenyewe. Ni masomo ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Mwanafunzi anachukua masomo sita, kwa kawaida matatu kwa kina na matatu kwa kiwango cha kawaida, kila moja likiwa na hadi alama 7. Juu yake kuna insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, somo la kuchunguza jinsi binadamu anavyojua anachokijua, na shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii. Insha na lile somo vinaongeza hadi alama 3, jumla inafika 45. Chini ya 24 hupati diploma. Unapewa matokeo ya somo moja moja, na vyuo vingine haviyapokei.

Shule yenyewe ipo, na si ya kubuniwa. Aga Khan Academy ilifunguliwa Mombasa mwaka 2003, mtaa wa Kizingo, ndani ya kisiwa. Inafundisha kwa Kiingereza, ina bweni, na inatoa msaada wa ada kwa mtoto mwenye uwezo ambaye wazazi wake hawamudu. Anayependa kisiwa cha mbali zaidi atasikia kuhusu Le Bocage huko Mauritius, nayo inatoa diploma hiyohiyo. Lakini hakuna sheria inayosema diploma hii inakaa baharini. Kule Moshi, chini ya Kilimanjaro, kuna shule iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC. Ni kati ya zile za mwanzo kabisa Afrika kuifundisha, na tangu 2019 inaitwa UWC East Africa. Kigali, ukishavuka Ruzizi na kushika barabara, ipo Green Hills Academy. Mitihani ni ileile na wasahihishaji ni wale wale. Bahari haiongezi alama hata moja.

Sasa nataka wazazi wa Bukavu wanisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaliwa. Neno "kimataifa" kwenye ukuta wa shule halina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kulipaka rangi juu ya lango lake. Shirika la Geneva lina programu kadhaa, miongoni mwake moja ya watoto wa msingi, moja ya umri wa kati, na hii ya diploma, na kila moja ina kibali chake. Shule inaweza kuwa na kibali cha watoto wadogo, ikapeperusha nembo, na isiwe na ruhusa ya kumpeleka binti yako kwenye diploma. Nyingine inasema "tuko mbioni kupata kibali". Mtoto wa miaka kumi na sita hasomi mbio za shule. Orodha ya shule zenye kibali iko wazi kwenye tovuti ya shirika, na kuitafuta ni kazi ya yunite kidogo tu. Papa alikuwa na simu mkononi kutwa nzima, akiangalia picha za uwanja.

Swali la pili ni lugha. Mtoto wetu anasoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Kiingereza anakutana nacho vipindi vichache kwa wiki, kwa mwalimu ambaye mara nyingi naye anakitafuta. Umchukue huyo, umweke katika darasa la kemia kwa Kiingereza, umwambie aandike maneno 4,000 ya utafiti, umpe miaka miwili. Jamani! Si kwamba hana akili. Unamnyang'anya akili yake nusu, kwa kumkatia lugha anayofikiria kwayo. Kama ni lazima aende, aende mapema, apate angalau mwaka mzima wa kuzoea Kiingereza kabla ile miaka miwili haijaanza.

Kuna jambo ambalo hakuna wakala atakayemwambia mzazi: diploma hii inaruhusiwa kufanywa kwa Kifaransa vilevile, na mwanafunzi anaweza kusoma fasihi ya lugha yake mwenyewe, Kiswahili kikiwemo, hata kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule. Anayefaulu fasihi za lugha mbili katika kiwango cha wenye lugha anaweza kupewa diploma ya lugha mbili. Kwa hiyo iulize shule: binti yangu anaruhusiwa kuchukua fasihi ya Kifaransa au ya Kiswahili kwenu? Shule inayojibu "tutaangalia" haijawahi kufikiria mtoto wa Kivu.

Swali la tatu ni masomo. Kijana anayetaka udaktari asiingie huko na kuchagua yaliyo mepesi. Vyuo vingi vya udaktari vitataka kemia kwa kina, na mara nyingi biolojia pia. Anayetaka uhandisi aangalie hisabati. Tangu 2019 kuna kozi mbili tofauti za hisabati katika diploma hii, na vyuo vingi vya uhandisi vinataka ile ya uchambuzi. Shule ndogo ya kisiwani inaweza isiwe na mwalimu wa fizikia ya kina mwaka huo. Utakuwa umelipa bweni, na mlango wa chuo umeshafungwa.

Tukija kwenye pesa, watu wa kijiweni walihesabu minerval, yaani ada ya masomo, peke yake. Minerval ya shule hizi ni maelfu ya dola kwa mwaka, na hiyo ni mwanzo tu. Kuna bweni, kuna ada ya mitihani, kuna kompyuta, kuna kibali cha mwanafunzi cha uhamiaji wa Kenya, kuna safari. Na safari kwetu si neno dogo. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipochukua Kavumu, penye uwanja wa ndege, na kisha mji wenyewe, kila mzazi wa Bukavu anajua kwamba njia inaweza kufungwa usiku mmoja. Pesa za benki nazo zinaweza kukwama. Mtoto akiwa Mombasa na wewe huna namna ya kumtumia ada ya muhula, atakaa kwa nani?

Halafu, baada ya diploma, chuo kikuu. Hapa ndipo ninapohuzunika zaidi, kwa sababu nimeona familia zikifika hapa mikono mitupu. Diploma inafungua mlango wa chuo, haimlipii mtu ada ya chuo. Kiwanja kikiisha kwenye sekondari, kijana anabaki na karatasi nzuri na hana nauli. Kama mtoto kweli ana uwezo, kiwanja kisiwe cha kwanza. Kwanza omba msaada wa ada pale unapotolewa. Shule za UWC huchagua wanafunzi wengi kupitia kamati za nchi na kuwalipia kulingana na uhitaji. Aga Khan Academy nayo inapima uwezo wa mtoto na uwezo wa mzazi. Aliyekataliwa msaada arudi nyumbani kuhesabu upya.

Na hilo neno la kijana wa dola, kwamba diploma yetu haina thamani nje, sikubaliani nalo. Ubelgiji, upande wa Kifaransa, unawataka wengi wenye diploma ya sekondari ya nje waombe ulinganisho kabla ya kuingia chuo. Mkongo anaomba, na wa nchi nyingine nao wanaomba. Wote wanapanga mstari, na kila karatasi inapimwa kwa kanuni zake. Mtihani wetu wa Serikali ulianza mwaka 1967, na umewapitisha watu waliofika mbali. Denis Mukwege alipata diploma yake Institut Bwindi, hapa hapa Bukavu, mwaka 1974, upande wa biokemia. Akasomea udaktari Burundi, akabobea katika magonjwa ya wanawake Angers, Ufaransa, akarudi, na mwaka 2018 akapokea Nobel ya Amani kule Oslo. Hakuna aliyemwambia karatasi ya Bwindi haisomeki.

Lakini nisiwafiche wazazi. Kuna kitu cha kweli katika diploma ile, na tukikipuuza tutakuwa tunajidanganya. Mtoto anafundishwa kuuliza swali lake mwenyewe, kulitafutia data, kuliandika kwa kurasa nyingi na kulitetea. Sisi finalistes wetu wanamaliza mwaka wakikariri items za kuweka alama kwenye jibu sahihi. Insha ipo kwenye hors-session, ile sehemu ya mtihani inayotangulia, ni kweli, lakini ni mara ngapi mwaka mzima mwanafunzi amerudishiwa insha yenye maoni ya mwalimu? Mwalimu mwenye darasa lililofurika, anayesubiri prime ya wazazi ili ale, atasoma insha za wote saa ngapi?

Nasema hivi kwa moyo wote: kile kinacholipiwa kwa maelfu ya dola kisiwani, sehemu yake kubwa haihitaji kisiwa. Ziwa Kivu liko mbele ya madirisha ya shule zetu, limejaa gesi ya metani, na wataalamu wa dunia wanakuja kulichunguza. Mvua ikinyesha Kadutu, ardhi inateremka na nyumba za watu. Idjwi wanalima kahawa inayokwenda masoko ya nje. Kila kimoja kati ya hivyo ni mada ya utafiti kwa mwanafunzi wa humanités, kwa daftari, kalamu na mwalimu anayelipwa vizuri. Collège Alfajiri ya Majezuiti, iliyoanzishwa mwaka 1938, ilijenga jina lake kwa walimu na nidhamu ya kusoma, na Bukavu haina pwani.

Kwa hiyo nawaomba mapréfet wa mji huu: kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne aandike utafiti mmoja kwa mwaka, asomewe, aulizwe maswali mbele ya wenzake. Na kamati za wazazi zikubali kumlipa mwalimu kwa kazi hiyo, badala ya kuchangia sherehe za finalistes na poda za kumwagiana vichwani.

Na wewe mzazi ambaye bado unataka kumpeleka mtoto, sikukatazi. Haki ni yako na mtoto ni wako. Ila kabla ya kulipa hata dola moja, pata majibu haya kwa maandishi kutoka shuleni: kibali cha programu ya diploma, si cha watoto wadogo, matokeo ya miaka mitatu iliyopita, wangapi waliingia na wangapi waliondoka na diploma, masomo yatakayofundishwa kwa kina na lugha yake, na jumla ya gharama zote hadi mtihani wa mwisho. Kisha jiulize wewe mwenyewe pesa ya chuo itatoka wapi. Shule ikikataa kukuandikia hata moja kati ya hayo, usilipe.