Nyufa za Nchi Kavu

Tabora ina nafasi ya pekee katika historia ya vyombo vya maji vya Afrika Mashariki, kwa kuwa ni mji ulio mbali na kila ziwa kubwa, ambao hata hivyo vyombo vya ziwani vimekuwa vikiupitia bila kulowa. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilifunguliwa ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapita Tabora kwa reli ya kati kuelekea Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 baada ya mitambo yake kupakwa grisi, kisha ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Meli hiyo ilistahimili yote hayo, ilhali boti ya faiba ya siku hizi huweza kufika Tabora ikiwa na nyufa, na maji haijayaona.

Sababu ni kwamba boti ya faiba haifunguliki. Zamani mzigo uligawanywa, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba sehemu yake ya takriban frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee, lakini boti hii hupanda lori ikiwa nzima, na utingo wa Kitanzania, ambaye hawezi kuvumilia nafasi tupu, huiona sitaha yake kuwa mahali pafaapo madumu ya asali, magunia ya mkaa na hatimaye usingizi wake mwenyewe. Faiba ni matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoshikanishwa kwa rezini, na juu yake hupakwa jelikoti, ngozi ng'avu isiyofikia unene wa milimita moja, ambayo ni ngumu lakini haipendi kupindishwa. Kwa hiyo kila tuta la barabarani linapoibonyeza sitaha, matabaka ya chini hunesa na kurudi, na jelikoti, isiyojua kunesa, hupasuka kama utando wa buibui.

Hapo huitwa fundi wa bodi za magari, naye huja na puti ya kuzibia bodi. Puti hiyo hushika vizuri na kupendeza, mpaka boti inapowekwa katika bwawa la Igombe, kwa sababu ndani yake mna unga unaofyonza maji. Akiambiwa atumie jelikoti, hukutana na hadina, dawa ya kugandisha, ambayo kwa kawaida huwa kama sehemu mbili kwa mia lakini yeye huipima kwa jicho. Katika joto la Oktoba kopo huchemka, hutoa moshi na kuganda likiwa limeishikilia brashi wima. Safari ya pili huipunguza kwa woga, na kiraka hubaki kikinata hadi jioni, kikikusanya sisimizi na manyoya ya kuku. Kwa kumtendea fundi haki, lazima isemwe kwamba hata kipimo kikiwa sahihi, jelikoti isiyo na nta hubaki ikinata juu, kwani oksijeni huizuia kukauka, na dawa yake ni kuifunika kwa nailoni.

Chombo cha mbao kina subira zaidi: penye mwanya hukalafatiwa, yaani hushindiliwa pamba yenye mafuta, na mwenyewe hufurahi kuona tundu likizibwa. Ufa wa jelikoti, kinyume chake, hauna budi kupanuliwa kwanza uwe mfereji mdogo wenye kingo zilizolala, kwa kuwa jelikoti ni nzito na haiingii katika mwanya mwembamba kama unywele. Ndipo husafishwa kwa asetoni, hujazwa na kupigwa msasa. Mwenye boti aliyekuja kuficha mstari usioonekana kwa mbali, akimkuta fundi anauchimba, huuliza bei ya boti mpya.

Kazi hiyo yote huwa bure ikiwa sitaha bado inanesa, maana ufa utarudi palepale na fundi atalaumiwa kwa kosa la utingo. Wenye malori wa njia ya Tabora na Kigoma wanaombwa, basi, kutandika matairi chakavu chini ya boti na kupakia asali penginepo.