Dakika ishirini za angani

Mdogo wa mke wangu alikuwa anaoa Unguja, ndoa ifungwe baada ya sala ya adhuhuri. Mke wangu na kaka yake wakasema watapanda boti ya saa moja asubuhi. Mimi, mtu wa mahesabu, nikawacheka. Boti ni karibu saa mbili za kuyumba na mifuko ya kutapikia. Ndege ni dakika 20! Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume, ukipima hewani, ni kilomita 73 tu. Nikakata tiketi ya saa tatu, kwa nauli iliyozidi ya boti zaidi ya maradufu.

Kilomita 73 hazikunisumbua. Zilizonisumbua ni zile 30 na ushei za kutoka kwangu Tegeta hadi uwanjani, Kipawa. Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwenge tukasimama. Ubungo tukasimama. Buguruni dereva akazima gari kabisa, akanunua karanga. Kufika TAZARA nilikuwa nimeshawajua watoto wake wote kwa majina, na ada wanazodaiwa shuleni.

Uwanjani nikavua mkanda, nikavua viatu, nikashika suruali kwa mkono mmoja. Kisha nikapandishwa kwenye mizani, mimi mwenyewe, kama gunia la mkaa, maana ndege ni ndogo na rubani lazima ajue amebeba nini. Binti wa kaunta akatazama kilo zangu, akanitazama mimi, akaandika bila kusema neno. Saa tatu ikafika, ndege haikufika. Tukaambiwa tuvumilie. Saa nne, tuvumilie. Kufikia saa tano, abiria tulikuwa tumeshaunda kamati.

Saa sita kasoro tukaruka. Kweli, ndege haina masihara: sijamaliza kufunga mkanda, mchanga wa Unguja huo. Chini nikaiona boti, nyeupe, kama punje ya mchele baharini. Nikaicheka. Ndipo nikakumbuka kwamba boti ya akina mke wangu ilishatia nanga tangu saa tatu, na hii ni nyingine.

Mzigo ukachelewa kutoka, teksi ikadai bei ya mzungu. Nilipoingia uani, ndoa ilishafungwa, sahani za pilau zinakusanywa. Mke wangu alikuwa ameoga, amejifukiza udi, na mikononi ana hina iliyokwisha kukauka.

“Baba Rehema,” akauliza mbele za wakwe, sauti ya upole kabisa, “hiyo ndege yako ni dakika ngapi vile?”

“Ishirini,” nikajibu, nikijikwangulia ukoko.

Sikusema uongo. Na tiketi nilikata ya kwenda na kurudi.