Namna ya Kumkalisha Chifu Kitini

Kwanza tafuta chifu. Usiende mbali, kaa wewe mwenyewe. Samuel Fosso alifungua studio yake ya picha mjini Bangui mwaka 1975, akiwa na miaka 13. Mchana aliwapiga wateja picha, na kwa filamu iliyosalia akajipiga mwenyewe, amtumie bibi yake Nigeria.

Mwaka 1997 akajivika uchifu: chifu aliyeiuza Afrika kwa wakoloni. Jifunze kwake. Vaa ngozi ya chui, na chini yake tandika nyingine. Dhahabu shingoni, miwani usoni, alizeti mkononi. Pazia la nyuma lipige kelele. Kila kitu kizidi, maana ndivyo wakoloni walivyopenda kutupiga picha, kama mapambo ya sebule zao. Ila usiishie kwa mkoloni. Chifu huyu alipokea bei, na ameketi kwa raha kabisa. Ukimtoa yeye kwenye picha ukabaki kumlaumu Mzungu, umefanya nusu ya kazi, tena ile nyepesi.

Ukitaka shujaa, punguza chumvi. Katika mfululizo wa mwaka 2008 uitwao African Spirits, Fosso aligeuka Nkrumah, Lumumba, mwanaharakati Angela Davis, na mwanariadha Tommie Smith na ngumi aliyoinua kwenye Olimpiki ya Mexico 1968. Hapo iga picha zao halisi sawasawa: mwanga ulivyoanguka, shingo ilivyokaa, jicho lilikoelekea. Mtazamaji atamwona Lumumba, kisha atamwona fundi wa Bangui, kisha ataanza kuuliza ile picha ya kwanza nayo nani aliipanga. Akiuliza hivyo, umeshinda.

Mbinu ya tatu ni kuingiza kitu kimoja kisichostahili kuwapo. Kimoja tu! Msenegali Omar Victor Diop mwaka 2014 alijifanya Jean-Baptiste Belley, aliyekuwa mtumwa kisha akawa mbunge katika Bunge la Mapinduzi la Ufaransa, na ambaye mchoraji Girodet alimchora mwaka 1797. Diop akaongeza mpira wa miguu. Mara moja unamkumbuka mchezaji Mwafrika Ulaya: akifunga bao ni wa kwao, akikosa penalti ni nyani.

Pako mahali ambapo madoido yote yawekwe kando. Tarehe 1 Desemba 1944, huko Thiaroye karibu na Dakar, jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi askari wake Waafrika waliorudi kutoka vitani wakadai malipo yao. Kwa miaka mingi Ufaransa ilishikilia kwamba waliokufa ni 35. Wanahistoria wanasema ni wengi zaidi. Diop alivaa sare yao katika kazi yake ya Liberty. Ukitaka kuivaa nawe, soma kwanza, na simama wima.

Mwisho, chini ya picha andika wazi kwamba umeipanga wewe, pamoja na mwaka na mahali. Picha za serikali hazina kawaida hiyo.