Deni la Tochi

Uingereza, notisi ya mwendokasi isipomfikia mwenye gari ndani ya siku 14, kesi inaweza kufa. Heri yao wenye posta! Sisi huku Ifakara deni la tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, halihitaji stempu wala S.L.P. Linajibanza kwenye mfumo, nyuma ya namba ya gari, hadi siku trafiki aibonyeze kwenye mashine yake: shilingi 30,000, na ukichelewa linanenepa. Kosa? Ulizidi kilomita 50 kwa saa. Wapi, afande? Kama ni njia ya Mlimba wakati wa masika, nipe hiyo risiti niitundike sebuleni, maana pale hata bodaboda hushuka akasukuma. Kulipa tutalipa, afande. Tuonyeshe picha kwanza.